KMKM ni jeshi?

SUALI: Assalaam alaykum. Hapa Mkoani tunawaona KMKM na vyombo vyao vya baharini, na mkubwa wao anaitwa Komodori. Mwanangu anataka kujiunga, ananambia hilo ndilo jeshi la Zanzibar, lipo tangu enzi za Sultani. Kweli? Na mbona JWTZ husherehekea Septemba 1, si siku ya Muungano?
Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Kinachomchanganya kijana ni vyeo. Komodori ni cheo cha wanamaji, na mkuu wa JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) naye huitwa Kanali, lakini kisheria hizo ni Idara Maalum za SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kifungu cha 121 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinazitaja JKU, KMKM na Chuo cha Mafunzo (magereza ya Zanzibar), na kamanda wao mkuu ni Rais wa Zanzibar. Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964, na Amiri Jeshi Mkuu ni Rais wa Jamhuri ya Muungano. KMKM jina lake latosha, ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, na Mpemba hahitaji kuelezwa magendo ya karafuu.

Sultani alikuwa na askari, ndiyo. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimchukua Lloyd Mathews, luteni wa manowari ya Kiingereza London, awafunze mtindo wa Kizungu. Kasoro ilikuwa hapo hapo kwa mwalimu: Agosti 1896, Sayyid Khalid alipolishika kasri, kundi la askari hao lilisimama na Waingereza, na vita vya Agosti 27 havikutimiza saa moja. Hadi uhuru wa Disemba 10, 1963, Zanzibar ilikuwa na polisi, haina jeshi. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 wanamapinduzi walikimbilia silaha za polisi, Ziwani na Mtoni. Jeshi la Ukombozi liliundwa baadaye.

Bara nako mambo yalikwenda mrama. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, waliasi katika kambi ya Colito, leo Lugalo, na jeshi hilo likavunjwa. Kwa hiyo Muungano ulipofika Aprili 26, upande mmoja jeshi limevunjwa, upande wa pili lina umri wa miezi. JWTZ ikaanzishwa Septemba 1, 1964, Mrisho Sarakikya akiwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza. Wengi husema ni Tanganyika Rifles iliyobadilishwa jina. Si hivyo: maofisa wachache walivuka, Sarakikya mwenyewe akiwa mmoja wao, lakini askari waliandikishwa upya, wengi kutoka umoja wa vijana wa TANU.

Basi kijana aangalie tangazo limetoka wapi. La KMKM hutoka SMZ. La JWTZ hutoka Makao Makuu ya Jeshi, ambayo wanajeshi huyaita Ngome. Akisikia "Ngome", asije akaenda kupanga foleni Forodhani, kwenye Ngome Kongwe.