Si mahakama iliyofunga akaunti za MUHURI na Haki Africa

Unasema mahakama ndiyo iliyofunga akaunti za benki za MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya Mombasa, na kwamba yalifutiwa usajili kabla ya uchaguzi wa 2017. La, ndugu, mahakama ndiyo iliyozifungua. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Inspekta Jenerali wa Polisi aliyatia mashirika hayo mawili kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi. Akaunti zikafungwa, na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, wakaingia ofisini wakachukua kompyuta. Watetezi wa familia za vijana waliopotezwa hapa Pwani wakakaa miezi bila kugusa pesa zao, dhuluma kubwa ile! Novemba 2015 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Uamuzi uko wazi, usome. Na huko kufutiwa usajili, aliyetangaziwa Agosti 2017 ni KHRC, shirika la haki za binadamu la Nairobi, huku AfriCOG, shirika la utawala bora la huko huko, likiamriwa kufungwa kwa madai kwamba halijasajiliwa, tena baada ya uchaguzi wa tarehe 8, si kabla.