Miezi minne, alama tatu

Ili usomee shahada ya sheria hapa Kenya unahitaji wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na ndani yake B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Mimi nilikuwa na wastani wa C+, Kiingereza C+, Kiswahili C+. Nilipofikisha miaka 24 niliamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, masomo yote saba, huku mchana nikimsaidia waya, dada ya baba, kuuza mitumba sokoni Kibuye, Kisumu. Tegemeo langu lilikuwa Kiswahili.

Namwandikia mtu anayesoma usiku huko Kondele, Nyalenda au hata Nakuru, na kila akijipima anajikuta palepale.

Februari nilifanya karatasi ya pili ya Kiswahili ya mwaka mmoja wa nyuma nikapata 41 kwa 80. Machi 43, Aprili 42, Juni 44. Alama tatu kwa miezi minne, na sikuwa nimezembea. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kabla ya kwenda kufungua kibanda. Siku ya ile 44 nilikaa juu ya robota la nguo nikaamini kabisa kwamba C+ ndicho kipimo changu. Binamu yangu wa rika moja nami alikuwa ameshavaa joho. Nilikumbuka pia ofisi moja nilikoenda kuulizia usajili, nikaulizwa mbele ya watu kama sina mtoto wa kulea. Kwa wiki mbili sikufungua kitabu.

Waya ndiye aliyenituma kwa mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu Manyatta. Nilimpelekea karatasi zote nne. Hakutazama jumla hata kidogo. Alichora jedwali nyuma ya bahasha: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii (matumizi ya lugha katika jamii) 10, kisha akajaza nilichopata kila mara. Kati ya Februari na Juni ufahamu ulikuwa umetoka 9 hadi 12. Isimujamii ilikuwa imepanda kutoka 4 hadi 8. Ufupisho ulibaki 8. Matumizi ya lugha yalikuwa yameshuka kutoka 20 hadi 16.

Nilitazama ile bahasha kwa muda mrefu. Kumbe nilikuwa nimepanda alama saba, na nne zikamezwa mahali pamoja. Nilikuwa nasoma kwa bidii yale niliyoyapenda, sarufi naiahirisha.

Akanionyesha swali la Juni: andika kwa ukubwa, "Mlango wa nyumba umefunguliwa." Nilikuwa nimeandika, "Lango la nyumba umefunguliwa."

"Binti, unaona nini?"

"Nimesahau jumba, mwalimu."

"Na kitenzi je?"

Ilipaswa kuwa "Lango la jumba limefunguliwa." Kisha akafungua ya Aprili, swali la wingi: "Ufa wa ukuta huu umezibwa." Mimi: "Nyufa za ukuta huu umezibwa." Badala ya nyufa za kuta hizi zimezibwa. Ngeli nilikuwa nazijua, ungeniuliza ningekutajia zote. Tatizo ni kwamba neno la kwanza nilikuwa nalibadilisha, yanayofuata nayaacha yamelala. Kosa hilo moja lilikuwa katika karatasi zote nne, na kila mwezi nilikuwa nalihesabu kama udhaifu wa akili yangu nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: vunja jumla yako vipande kabla hujajihukumu. Halafu nunua daftari la makosa. Langu nililigawa safu tatu: nilichoandika, kilicho sahihi, na kwa nini nilikosea. Hiyo ya tatu ndiyo yenye kazi. Ukiandika "sikuwa makini" hujaandika kitu; andika "niliishia kwenye nomino, sikufika kwenye kitenzi."

Acha pia kukimbilia karatasi mpya kila wiki. Niliitafuna moja kwa wiki mbili, nikiirudia hadi niweze kumweleza waya kila jibu kwa sauti. Yeye alikunja suruali za watoto na kunikatiza pale aliposhindwa kunifuata, na mara nyingi alikuwa na haki. Kwenye ufupisho nilikuwa nikipoteza kwa kupitisha idadi ya maneno waliyotaja. Nikaanza kuyahesabu kwa penseli, basi.

Agosti nilipata 51. Septemba 55. Shaka haikuniacha, na wewe usiisubiri ikuache ndipo usome. Usiku mwingi nilisoma nikiwa nayo.

Matokeo yalipotoka, Kiswahili kilikuwa B. Sasa niko mwaka wa tatu wa sheria Annex, kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Kama unafikiria kurudia, fahamu kwamba darasa la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondolewa, linafanya KCSE mwaka 2027, kwa hiyo usisogeze uamuzi mbele mwaka hadi mwaka. Usajili huwa mapema, miezi mingi kabla ya mtihani.

Daftari langu nilimwazima kijana mmoja wa Nyalenda. Alilirudisha wiki iliyopita, akaniambia makosa yangu si yake. Yake yako kwenye insha, kila aya anaifungua kwa maneno yaleyale. Ameshanunua lake.