Kuitamani mbingu, karafuu zikiwa juani

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Kila Jumapili husimama na wenzangu tukakiri kwamba tunangojea uzima wa milele, na Jumatatu narudi kwenye karafuu, watoto na deni la dukani. Kaka yangu hunitania kuwa atazamaye juu sana hujikwaa. Je, hamu ya mbinguni yanifaa nini siku za kazi?
Mama wa watoto watatu, Wete, Pemba

JIBU: Milele, amina. Kaka yako hakukosea kabisa, dada yangu. Huko Thesalonike, katika kanisa lililosubiri sana kurudi kwa Bwana, walikuwapo waliokaa bure, na Mtume Paulo aliwaandikia bila kuwabembeleza kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Lakini Paulo huyohuyo aliwaagiza Wakolosai wayatafute yaliyo juu, na katika sura hiyohiyo ya tatu akazungumzia mume na mke, watoto, na mtumwa anayepaswa kufanya kazi kwa moyo hata bwana wake asipomtazama.

Hapo pa kutotazamwa ndipo pana jibu lako. Unajua jamvi lilivyo alasiri: karafuu za juu zimekauka, zinakatika kwa ukucha, za chini bado laini, na makonyo, yaani vijiti vya karafuu, yaliyosalia ndani yake yangeongeza uzito kwenye mizani kama ungeyaacha. Aliyeweka tumaini lake lote katika bei ya msimu huu atayaacha, ilhali anayengojea urithi usioibwa anaweza kuketi na kuchambua tena, ingawa deni la dukani bado linamsubiri na wala mimi silidharau.

Wenzetu Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa lao la Mkunazini, Unguja, siku ya Krismasi ya 1873, mwaka uleule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Waliamini ufufuko, na kwa imani hiyo hawakupakimbia mahali palipouzwa watu, bali walipajenga.

Jumapili ijayo, ufikapo kwenye neno “nangojea”, usilipite mbio. Litajie moyoni jambo moja la Jumatatu. Mimi humtaja jirani tuliyegombania mpaka wa shamba, kwa kuwa nategemea kumkuta naye huko, na tangu nilipoanza imekuwa vigumu kupita mlangoni kwake bila kumwamkia.