Mtaro wa Mvua Hauna Chujio

Swali la wiki hii lilikuwa: "Je, kuosha gari nyumbani kunachafua kweli maji ya Dar es Salaam, au tunawaonea wenye magari na kuviacha viwanda?" Kunachafua. Ila ukubwa wa uchafuzi unategemea zaidi maji yanaelekea wapi baada ya kudondoka kwenye gari kuliko idadi ya mara unazoosha. Gari likioshwa juu ya nyasi linaacha madhara madogo. Gari hilohilo, kwa sabuni ileile, likioshwa juu ya pevingi zilizoinamia getini, uchafu wake wote uko njiani kwenda mtoni.

Kabla hatujabishana, fanya kipimo kimoja. Chukua ndoo ya lita 20, imwage pale mnapooshea gari, kisha yafuate maji kwa miguu. Yakinywewa na udongo ndani ya hatua kumi, uko pazuri. Yakitoka chini ya geti na kuingia mtaroni, hapo ndipo tatizo lilipo, na halitaisha kwa kubadilisha aina ya sabuni.

Wengi wanaamini mtaro wa barabarani unaungana mahali fulani na bomba la majitaka. Ni mifumo miwili tofauti. Bomba la majitaka hupeleka maji kwenye mabwawa ya kuyatibu, kama yale ya Vingunguti. Mtaro wa mvua hauna bwawa wala chujio. Umejengwa kuondoa maji haraka, na unayapeleka kwenye mto ulio karibu yakiwa kama yalivyoingia. Ya Sinza na Tandale yanafika Mto Ng'ombe, na kwa mto huo yanaingia Msimbazi. Msimbazi unaoanzia vilima vya Pugu unapita Jangwani na kumwaga baharini pale Salenda, kwenye mikoko. Njiani maji yake yanamwagiliwa mchicha na matembele ambavyo jioni viko sokoni.

Tukija kwenye uchafu wenyewe, watu hutazama povu kwa sababu ndilo linaloonekana. Mimi ningeanzia kwenye magurudumu. Pitisha kidole ndani ya rimu ya mbele, kisha ya nyuma. Ya mbele ni nyeusi zaidi kwa kuwa breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari. Weusi ule ni unga wa breki pedi: chuma, mara nyingi na shaba, pamoja na chembe za tairi zenye zinki. Madini haya hayaozi. Yanatua kwenye tope la mtaro na kukaa humo kiangazi chote, halafu mvua ya kwanza ya vuli inayasomba yote kwa mara moja. Ongeza oili na grisi za chini ya gari, utaelewa kwa nini maji ya kuoshea magurudumu hayafai kuchanganywa na ya kuoshea bodi.

Sabuni nayo ina makosa yake. Sabuni ya maji ya madumu inayouzwa mitaani hutengenezwa kwa salfoniki na slesi, kemikali zinazotoa povu na kung'oa uchafu, na mara nyingi uzito wake unatokana na chumvi iliyotiwa ili isiwe nyepesi kama maji. Kwa hiyo uzito si dalili ya nguvu, na chumvi hiyo isiposuuzwa vizuri kwenye mikunjo ya milango inaharakisha kutu. Sabuni ya unga ina ukali wa soda unaokula nta ya rangi ya gari. Baada ya miezi bodi inapauka na mwenye gari analilaumu jua.

Wapo watakaosema sabuni yao imeandikwa kwamba inaoza yenyewe. Ni kweli inaoza, lakini bakteria wanaoivunja salfoniki wanahitaji hewa. Kwenye udongo wa juu wenye mizizi hewa ipo na kazi inafanyika. Kwenye mtaro uliotuama, wenye tope jeusi linalonuka yai bovu, hewa hakuna, na salfoniki inabaki karibu ilivyo. Ikifika penye samaki, inaondoa ute unaolinda matamvua yao. Ndiyo maana nasisitiza mahali kuliko chapa.

Sasa namna ya kuosha. Gari dogo linatakata kwa lita 50. Mpira ulioachwa wazi ni habari nyingine: pima kwa ndoo yako, ikijaa kwa sekunde 80 basi unatumia lita 15 kwa dakika, na dakika 15 za kuosha ni lita 225. Ubaya wa maji mengi haupo kwenye bili peke yake. Lita 50 zinaweza kunywewa na kipande kidogo cha nyasi. Lita 225 zinazidi uwezo wake, zinatiririka na kutoka na kila kitu.

Anza gari likiwa kavu. Tope lililoganda kwenye mabawa ya magurudumu libandue kwa kijiti, lifagie, litie kwenye taka. Mazulia yakung'ute kavu pia. Lakini usipanguse bodi yenye vumbi kavu kwa kitambaa, maana vumbi letu ni mchanga na utaichora rangi. Ilowanishe kwanza kwa lita 10 za kopo. Kisha ndoo mbili: moja ya lita 10 za maji yenye vifuniko viwili vya shampuu ya gari, nyingine ya lita 15 za maji matupu ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Anza na paa, shuka, fanya upande mmoja na uusuuze kabla ya kwenda mwingine. Lita 15 zilizobaki ni za kumalizia kwa kopo. Osha asubuhi au jioni kivulini, kwa sababu juani sabuni inakauka kabla hujaifikia na utalazimika kurudia. Magurudumu yawe ya mwisho, kwa kitambaa chake na maji ya ile ndoo ya kusuuzia, na maji hayo machafu yamwage kidogokidogo kwenye udongo usio na mboga.

Mwenye kisima awe makini zaidi. Mikocheni, Msasani na sehemu nyingi za Kigamboni ardhi ni mchanga na maji ya chini ya ardhi yako karibu, hivyo udongo hauchuji vya kutosha. Kaa angalau mita 30 kutoka kisimani, upande ambao mteremko unakiacha, na hamisha sehemu ya kuoshea kila baada ya wiki chache. Kama uwanja wote ni pevingi, viroba vitatu vinne vilivyojazwa mchanga, ukivipanga kwa mshazari, vinatosha kugeuza maji yaelekee kwenye bustani ya maua badala ya getini.

Kuna jambo moja ambalo halina namna salama ya kulifanya nyumbani, nalo ni kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Mafuta yale yanayeyusha oili nyeusi ya miaka, yote yanakwenda chini, na hakuna nyasi itakayoyavunja kwa wakati. Injini inayolowa oili ina ugonjwa, mara nyingi gasketi ya tapeti kava au sili, vile vizuizi vya oili kuvuja. Itengenezwe. Matone yaliyokwishadondoka sakafuni yamwagie vumbi la mbao, liache usiku mmoja, lizoe.

Nyumba za kupanga zenye magari manne, matano uwanja mmoja zinahitaji mtego wa mafuta, yaani shimo la vyumba linalobakiza mchanga na mafuta na kuyaacha maji yapite, na hapa mafundi wengi wanakosea. Vyumba vitatu vinavyofuatana, kila kimoja sentimita 60 kwa 60 na kina cha maji cha sentimita 80, vinabeba karibu lita 290 kila kimoja. Magari matano, hata kwa lita 60 kila moja, ni lita 300, kwa hiyo maji yanakaa muda wa kutosha kila chumba. Cha kwanza kinatuamisha mchanga. Cha pili kinaacha mafuta yaelee. Cha tatu kinapokea maji ya chini na kuyapeleka kwenye shimo la kokoto.

Siri iko kwenye bomba la kutoka chumba cha pili: liwe tii (kiungo chenye umbo la T) ya PVC ya inchi 4, mguu wake mmoja ukishuka hadi sentimita 35 hivi juu ya sakafu, na mdomo wa juu ukiachwa wazi kwa ukaguzi. Fundi akilaza bomba lililonyooka usawa wa maji, kinachotoka kwanza ni mafuta, na umejenga shimo la bure. Kosa la pili ni kuziba mfuniko kwa plasta, kisha hakuna anayefungua tena. La tatu ni kuunganisha maji ya paa: paa la mita za mraba 100 likipokea milimita 50 za masika linatoa lita 5,000, na mtego wa lita 860 unasombwa wote kwa saa chache.

Halafu kuna ambalo hata mtego mzuri hauliwezi. Sabuni kali ya kuondolea grisi huyakata mafuta yakawa kama maziwa, na mafuta yaliyochanganyika hivyo hayaelei. Yanapita chini pamoja na maji. Mchanga ukifika theluthi ya kina, utoe. Utando wa mafuta ukifika unene wa kidole, uchote kwa kopo uweke kwenye dumu, upeleke gereji wanakokusanya oili chafu. Mchanga ule usigeuzwe mbolea.

Wenye vituo vya kuoshea kandokando ya mito wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka kwenye maji. Na wewe mteja, kabla hujakabidhi funguo, omba kuonyeshwa shimo. Kituo chenye mtego unaofanya kazi kitakufungulia mfuniko, utaona mafuta yakielea chumba cha pili. Zunguka pia nyuma. Ukikuta bomba limetokeza juu ya mtaro na ukingo wake una weusi unaoteleza, peleka gari kwingine, na mwambie mwenye kituo sababu.