Re: Katoni 60 za Tsingtao nusu bei hapa Guangzhou, nimekosea?

Mkuu usilipe. USILIPE. Hiyo picha uliyotumiwa WeChat siyo Tsingtao, ile bia ya Kichina, hilo kopo nalijua kama sura ya mtu anayenidai.

Mimi nilibeba katoni 40 za hivyohivyo, send-off ya jamaa yetu aliyemaliza chuo, tulichanga watu kama 30 na mimi kiherehere ndo nikajifanya mjuzi wa bia. Kopo kijani kilekile, limeandikwa QINGDAO tumbo zima. Nikamuuliza dalali (Mbongo mwenzetu, ndo inayoniuma) mbona sioni T, akanijibu bila kupepesa, "kaka hiyo spelling mpya, ile ya T ya kizamani". Na ushenzi wake ni kwamba nusu ni kweli! Mji ilikotoka hiyo bia, ndo imechukua jina lake, siku hizi unaandikwa Qingdao, ila bia imeanza 1903 enzi Wajerumani wameushika huo mji, na jina la zamani haijaliacha mpaka leo. Sasa kiwanda chochote cha huko kinachora jina la mji kubwaaa halafu jina lake chenyewe kinalificha nyuma, herufi kama sisimizi. Sawa na mtu wa Moshi apike bia yake aandike KILIMANJARO, utamwambia nini?

Usiku wa sherehe watu wana makopo sita sita na bado wanajadili kodi za nyumba, tena kwa kupokezana, hakuna anayemkatiza mwenzie. Nikageuza kopo: kilevi ≥2.5%. Togwa ina nguvu kuliko ile. Halafu nembo, Tsingtao wana lile banda la kwenye gati la Zhanqiao hukohuko Qingdao, langu nilivyolisogeza kwenye taa kumbe ni mnara wa kuongozea meli. Nilinunua mnara mimi.

Dalali nilivyomfuata: "siyo feki, kiwanda kipo, we hukusoma." Yuani 1,400 za watu, nusu nikalipa mwenyewe, nikala tambi mwezi mzima, na kwenye grupu mpaka leo naitwa Qingdao.

Kwa hiyo mbele ya kopo usiangalie kabisa. Nyuma, jina la kiwanda, lazima lianze 青岛啤酒 (青岛 ni Qingdao, 啤酒 ni bia), herufi nne zimefuatana. Ukikuta kuna kitu kimechomekwa kati ya 青岛 na 啤酒, huyo ndo aliyenila mimi.

Uliuliza na usafiri sijui na barafu, hayo wengine watakujibu. Mwambie apige picha mgongo wa kopo, iweke hapa, nipo macho.