Shangazi, ratiba hii ya kurudia mtihani inatosha?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa biolojia na kemia katika shule ya sekondari mkoani Iringa, na nina miaka 28. Mwezi Mei nilifanya mtihani wa GRE jijini Dar es Salaam ili niombe nafasi ya shahada ya uzamili ya afya ya jamii nchini Marekani. Lengo langu lilikuwa 155 kila upande, nikapata 146 katika lugha, 147 katika hesabu na 3.5 katika insha. Ada, ambayo ni zaidi ya dola 200, alinilipia kaka yangu kwa kuuza mahindi aliyokuwa ameyahifadhi, na tangu matokeo yatoke sijampigia simu. Nataka kurudia katikati ya Oktoba. Nimepanga kuamka saa 9 usiku kila siku, nisome kwa muda wa saa tatu kabla ya kazi na saa tatu nyingine jioni, nirudie kitabu chote tangu ukurasa wa kwanza, na nikariri maneno 50 ya Kiingereza kwa siku. Je, ratiba hii inatosha? Na chuo hakitanidharau kwa kurudia?

Mwalimu, Iringa

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema kwamba hujampigia kaka yako simu tangu matokeo yatoke. Naamini aibu hiyo ndiyo iliyokuandikia ratiba hii, kwa maana ni ratiba ya mtu anayejiadhibu. Ina saa nyingi, ina usiku mfupi, ina kurasa zote za kitabu, lakini hakuna mahali inapoeleza ni kitu gani kilichokukosesha alama mwezi Mei. Kwa kasoro hiyo peke yake, nakuomba uiweke kando kabla hujaianza.

Nalisema hili kwa sababu yalinikuta. Nilirudia mtihani wa kidato cha sita nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa miezi mingi kazi yangu kubwa ilikuwa kunakili upya madaftari yaleyale kwa mwandiko mzuri zaidi. Sikukosa bidii hata siku moja, lakini somo lililoniangusha liliniangusha tena, kwa kuwa yale niliyokuwa siyaelewi niliyanakili vilevile bila kuyaelewa.

Nianze na swali lako la pili, maana ni jepesi. GRE hauna kufaulu wala kufeli. Kila upande, wa lugha na wa hesabu, hupimwa kwa alama kuanzia 130 hadi 170, na kila idara hutazama alama hizo kwa mizani yake. Sheria zinakuruhusu kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na ni wewe unayechagua alama za siku ipi zitumwe chuoni. Alama za Mei zinaweza kubaki kwako. Jambo la kufanya wiki hii, kabla hujalipa hata senti, ni kuwaandikia barua pepe idara zote unazokusudia kuomba, uwaulize kama bado wanadai mtihani huu, kwa sababu idara nyingi za Marekani zimeacha kuudai tangu mwaka 2020. Ikiwa orodha yako ina vyuo vitano na vitatu havidai, uamuzi wako wote unaweza kubadilika.

Tuseme umepata majibu na kurudia bado kunahitajika. Kutoka sasa hadi katikati ya Oktoba una takriban wiki kumi. Wiki ya kwanza usijifunze kitu kipya kabisa. Kwa kuwa taarifa ya matokeo haikuonyeshi maswali uliyokosea, itakubidi uyatafute makosa yako mwenyewe: chukua maswali ya mazoezi ambayo hujawahi kuyaona, yafanye kwa saa ya ukutani, kisha kila ulilokosea liandike katika daftari moja jipya, pamoja na sentensi moja ya kueleza kwa nini ulikosea. Sentensi hiyo ndiyo yenye thamani. «Sikujua kanuni» ni ugonjwa mmoja, «nilijua lakini nikasoma swali haraka» ni mwingine, na «nilijua lakini muda uliisha» ni wa tatu, na wewe kama mwalimu unajua kwamba mwanafunzi wa aina ya pili humsaidii kwa kumfundisha mada upya.

Nikupe mfano mmoja. Swali linasema kwamba x ni kubwa kuliko 0, kisha linakutaka ulinganishe Kiasi A, ambacho ni kipeo cha pili cha x, na Kiasi B, ambacho ni x yenyewe. Wengi huweka 3 mahali pa x, wanapata 9, wanachagua A na kuendelea. Lakini weka nusu: kipeo chake cha pili ni robo, ambayo ni ndogo kuliko nusu. Weka 1, na viwili hivyo vinalingana. Jibu sahihi ni kwamba haiwezekani kujua. Aliyekosea hapa hesabu ya vipeo anaijua tangu sekondari. Alichosahau ni kwamba namba chanya si lazima iwe namba nzima. Sasa fikiria mtu huyo akirudia sura nzima ya vipeo kwa siku tatu, akihisi anafanya kazi kubwa. Ndivyo ratiba yako ya ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho itakavyokufanya. Katika daftari, mstari wake ungekuwa hivi: «Nilijaribu namba nzima tu, siku nyingine nijaribu sehemu, 1, na hasi pale inaporuhusiwa.» Baada ya mistari 40 ya namna hiyo utaanza kuona makosa yako yanajirudia, na ratiba ya wiki nane zinazofuata ijengwe juu ya yale yanayojirudia zaidi.

Kuhusu muda, tangu Septemba 2023 mtihani wote huchukua saa 1 na dakika 58. Hesabu ina sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21 na ya pili maswali 15 kwa dakika 26, yaani chini kidogo ya dakika mbili kwa swali. Lugha inabana zaidi, maana maswali 12 yana dakika 18 na mengine 15 yana dakika 23. Kompyuta hutumia matokeo ya sehemu ya kwanza kuamua ugumu wa ile ya pili, kwa hiyo katika ile ya kwanza usikubali kupoteza alama za maswali rahisi kwa kung'ang'ania gumu moja. Liwekee alama, endelea, ulirudie ukibakiwa na muda, mradi hujatoka katika sehemu hiyo. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, hivyo usiache swali lolote wazi. Ujuzi wa kuliacha swali hauji wenyewe siku ya mtihani. Ufanyie mazoezi kila Jumamosi.

Maneno 50 kwa siku yaache. Wiki ya kwanza utajiona umepiga hatua, na wiki ya tatu utakuwa huyakumbuki ya wiki ya kwanza. Chukua 10 au 12, kila moja ukiwa umelikuta ndani ya sentensi, na uyarudie baada ya siku mbili, baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Mtihani huu unapenda neno ambalo unadhani unalijua, kama «sanction», ambalo huweza kumaanisha kuidhinisha na pia kuadhibu, na orodha ya kukariri haikuambii ni lini linabeba maana ipi. Nakushauri pia usome makala moja nzito ya Kiingereza kila siku, hasa ya siasa, historia au sanaa, kwa kuwa za sayansi umeshazizoea, kisha uifunge na uandike kwa sentensi mbili mwandishi anadai nini na anampinga nani.

Insha ni moja tu, ya dakika 30. ETS, ambao ndio wenye mtihani, wamechapisha mada zote zinazoweza kutoka. Andika moja kwa wiki kwenye kompyuta, ukiwa umezima kisahihisha tahajia, kwa sababu siku ya mtihani hakipo.

Sasa saa. Wewe unasimama mbele ya darasa mchana kutwa. Kuamka saa 9 usiku kwa wiki kumi kutakuumiza, na ubongo ulionyimwa usingizi hausomi, unatazama tu kurasa. Muda wa saa moja na nusu siku za kazi, wakati ule ambao kichwa chako kiko macho zaidi, na saa nne Jumamosi, ukijumlisha unapata saa 11 na nusu kwa wiki, ambazo kwa makosa yaliyochambuliwa zinatosha. Jumapili pumzika, uende kanisani au kwa jamaa, ufue, ulale. Wiki ya mitihani ya wanafunzi wako, ambapo utakuwa na karatasi za kusahihisha, ipangie nusu ya kazi tangu leo, ili usije ukajilaumu kwa jambo uliloliona likija.

ETS hutoa majaribio mawili kamili ya bure. Moja lifanye mwisho wa wiki ya nne na la pili wiki tatu kabla ya mtihani, saa ileile ya siku utakayofanyia Dar, simu ikiwa chumba kingine. Ikiwa jaribio la pili litakuonyesha uko mbali sana na lengo, ahirisha tarehe, kwa masharti kwamba vyuo vyako havifungi maombi kabla alama hazijafika. Na usisafiri kwa basi mchana kutwa halafu ukalale usiku mmoja tu kabla ya mtihani. Kutoka Iringa hadi kituo cha Mbezi ni safari ya takriban kilomita 500. Fika siku mbili mapema.

Mwisho, kaka yako. Mpigie leo jioni, kabla hujafungua daftari. Mtajie alama zako kama zilivyo, umweleze umegundua nini na utafanya nini tofauti, na usimwombe fedha katika simu hiyo. Mtu aliyeuza mahindi ya ghalani kwa ajili yako anastahili kusikia habari kutoka kinywani mwako, na miezi hii ya ukimya, naamini, imemhuzunisha kuliko 147. Ada ya mara ya pili, ukiweza, ijazie mwenyewe kidogokidogo kutoka mshahara wa Agosti na Septemba. Ukimaliza wiki ya nne niandikie tena, uniambie daftari lina makosa mangapi ya kila aina, tupange pamoja wiki zilizobaki.