Unafundisha POM (usimamizi wa uzalishaji na uendeshaji) kwa watu wa biashara? Wape saa kwanza, fomula baadae

Semista ikianza tu kuna swali najua litakuja, na mara nyingi linatoka kwa mwanafunzi wa masoko au wa rasilimali watu aliyekaa siti za nyuma: "Madam, hili somo si la mainjinia?" Na ukiangalia kozi autilaini unamwelewa kabisa. Upangaji wa mitambo, utabiri wa mahitaji, udhibiti wa ubora, mtoto wa watu kaja chuo anataka afungue kampuni yake au aingie benki halafu wewe unamchorea grafu za kiwanda ambacho hajawahi hata kukanyaga getini.

Nimefundisha usimamizi wa uzalishaji na uendeshaji miaka kadhaa hapa Dar, mchana digrii ya kwanza, jioni watu wa masters wanaokuja wamechoka na kazi zao, na kwa mwalimu mpya aliyepewa hili somo (wapya ndo wanapewa, wakongwe wanalikimbia) nina neno moja tu. Usianze na fomula, wala usianze na historia. Mwanafunzi ashike saa kwanza, ahesabu kitu anachokiona kila siku, halafu ndo umpe jina la alichokiona.

Mi wiki ya kwanza nawatuma kwa muuza chapati. Na si kwa mahojiano, maana ukitamka tu mahojiano watakuletea kurasa kumi za "changamoto zinazomkabili mjasiriamali" ambazo wamekopi mahali. Waombe ruhusa, wanunue chapati (hilo lazima, mtu hawezi kuchunguzwa bure), wakae pembeni na stopwochi ya simu waandike kila hatua inachukua sekunde ngapi, kusukuma, kuiva, kufunga, kurudisha chenji. Chenji wasiisahau, saa ingine inachukua muda kuliko chapati yenyewe.

Kwa ajili ya darasa tuseme kusukuma ni sekunde 40, kuiva dakika 2, frampeni iko moja. Uliza, kwa saa zinatoka ngapi? Wengi watajumlisha, 40 na 120 ni 160, wagawe 3,600 kwa 160, watakwambia 22 na pointi. Wewe nyamaza. Subiri mpaka mmoja aseme lakini wakati hii inaiva si dada anasukuma nyingine? Ee. Kumbe ni 30, kila dakika 2 moja inatoka, na kusukuma hakuna usemi wowote hapo kwa sababu frampeni ndo inayoamua. Sasa mwambie dada kapata hela kidogo anataka kuajiri msaidizi wa kusukuma, mnamshauri nini? Darasa litagawanyika, na utaona wale wa fedha wanaamka, maana msaidizi analipwa kila siku na bado chapati ni 30 zile zile. Frampeni ya pili zinakuwa 60. Ya tatu 90. Ya nne? Hapo wanakimbilia 120 bila kufikiri, mpaka wakumbuke mikono inayosukuma ni ya mtu mmoja na kwa sekunde 40 anatoa 90 tu. Kikwazo kimehama kutoka kwenye moto kimekuja kwenye mikono, na sasa ndo msaidizi ana maana. Somo zima la uwezo wa uzalishaji liko hapo, na hakuna mtu kasema injinia.

Kwa wakazi wa Dar unaweza kuwaongezea barabara. Flaiova ya Mfugale pale Tazara ilifunguliwa 2018, ya Kijazi pale Ubungo 2021, waulize wanaopita huko foleni iliishia wapi, ilikufa au ilisogea mbele? Watabishana vizuri tu.

Historia uje nayo baada ya hapo, na itapokelewa tofauti. Ukimwambia mwanafunzi ambaye kashahesabu chapati kwamba Henry Ford mwaka 1913 pale Highland Park aliweka laini inayotembea, na muda wa kuunganisha chesisi ya gari ukashuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa moja na dakika 33, anauliza mwenyewe walifanyaje. Ukianza nayo wiki ya kwanza anaandika tarehe analala.

Sasa foleni. Hii ndo mada ninayoipenda kuliko zote, na naona walimu wengi wanaipitisha haraka kwa sababu ya zile alama za Kigiriki. Jamani, wanafunzi wetu wamekulia kwenye foleni, benki, hospitali, kituo cha daladala, dirisha la bosari ya mkopo, ni wataalamu tayari! Anza na kanuni ya John Little, aliyeitolea uthibitisho 1961, na uiseme kwa Kiswahili cha kawaida: idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mtu anakaa humo kwa wastani. Foleni isipokua wala kupungua, kasi ya kuingia na ya kutoka ni moja. Mtume mwanafunzi aingie benki, ahesabu vichwa, tuseme 24, aangalie kwa muda watu wanatoka kwa kasi gani, tuseme mmoja kila dakika 2, basi anajua yeye atakaa kama dakika 48, na hajamuuliza mtu yeyote. Wakishaijaribu mara moja wanaifanya kila mahali, kuna mmoja aliniambia saluni sasa anahesabu watu mlangoni ndo anaamua aingie au arudi kesho.

Halafu wape kile kinachowauma mameneja. Uliza: mfanyakazi wa kaunta awe bize asilimia ngapi ya muda wake? Watu wa biashara wote watakwambia 100, analipwa kwa nini sasa. Wale wa jioni ndo wakali zaidi, wana wafanyakazi chini yao. Basi chora ubaoni, kaunta moja, wateja wanakuja bila mpangilio, huduma nayo saa ingine fupi saa ingine ndefu. Mhudumu akiwa bize asilimia 80 kwa wastani kuna watu 4 pale, anayehudumiwa na wanaosubiri. Asilimia 90 wanakuwa 9. Asilimia 95 wanakuwa 19. Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, chukua 0.95 gawanya kwa 0.05. Yaani umemkamua mfanyakazi asilimia 5 zaidi, foleni imezidi mara mbili. Waache waitazame hiyo namba. Nimeshaona mtu mzima, meneja wa tawi, anaishia kupiga picha ubao bila kusema kitu.

Kuna la bahasha pia, unalifanya darasani na karatasi chakavu. Wanafunzi wanne mstari mmoja, wa kwanza anakunja, wa pili anakunja tena, wa tatu anabandika, wa nne anapiga muhuri wa kuchora. Bahasha 20. Raundi ya kwanza kila mtu amalize zote 20 ndo apitishe kwa jirani, raundi ya pili anapitisha moja moja. Ikiwa kila hatua ni sekunde 10, mtindo wa mafungu unakupa bahasha ya kwanza baada ya sekunde 610 na ya mwisho sekunde 800, wa moja moja unakupa ya kwanza sekunde 40 na ya mwisho 230. Watu wale wale, kasi ile ile. Ukishamaliza hapo ndo uwataje Toyota na injinia wao Taiichi Ohno, na jinsi wazo la kuvuta bidhaa kulingana na kinachochukuliwa alivyolipata kutokana na supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu. Mji huu umejaa IST na Noah, gari wanalijua kwa tairi na injini, namna lilivyotengenezwa hawaijui.

Ushauri mdogo hapo: kwenye raundi ya kwanza mpe mtu wa pili maelekezo ya kukunja vibaya kwa siri. Kosa litaonekana kwa mtu wa tatu wakati bahasha 20 zote zimeshaharibika. Kwenye moja moja linaonekana kwenye ya kwanza. Mada ya ubora umeshaifungua bila slaidi.

Stoku. Hapa vitabu vyetu vinaleta ghala la matairi au vipuri, mi nawapa wakala wa pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya 2007, kwetu 2008, kwa hiyo hawa wanafunzi hawajui dunia isiyo na wakala, na karibu kila darasa lina watu ambao dada yao au wao wenyewe wanakaa kwenye kibanda. Wakala ana mtaji tuseme milioni 2 na ana stoku mbili, keshi na floti (salio lake la kwenye simu). Mteja akitoa, keshi inashuka floti inapanda, akiweka inakuwa kinyume, jumla haibadiliki kabisa na bado anaweza kukwama saa nne asubuhi akasema "sina floti dada, jaribu pale mbele." Huyo mteja aliyeenda pale mbele ni gharama ya kuishiwa, kamisheni imeondoka na pengine haitarudi. Keshi iliyojaa droo jioni nayo ni gharama, haizalishi, halafu kuna vibaka. Uliza sasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi aanze na ngapi upande upi? Akifika kiwango gani ndo amtume mtu benki au kwa wakala mkuu, ukijua kwenda na kurudi ni saa nzima na foleni yake? Hapo umefundisha kiwango cha kuagiza tena, muda wa kusubiri mzigo, akiba ya tahadhari, na mwenye ndugu kibandani ndo anakuwa profesa siku hiyo. Wape wiki mbili wakusanye namba za kweli, bila majina ya wateja wala namba za simu, hilo ulisimamie mwenyewe.

Ile fomula ya kiasi cha kuagiza ya Ford Harris (si yule Ford wa magari), ya 1913 nayo, wafundishe, ila usiishie kwenye kipeuo. Duka linauza katoni 2,000 kwa mwaka, kila safari ya kuagiza ni shilingi 5,000, kutunza katoni moja mwaka mzima ni shilingi 500. Jibu ni kuagiza katoni 200 kila mara, gharama ya kuagiza na kutunza jumla ni laki moja. Sasa waambie wakosee makusudi, waagize 100 tu, au 400. Zote mbili zinatoa 125,000. Yaani umekosea mara mbili nzima na umeumia robo tu! Mfanyabiashara anahitaji kujua hilo kuliko namba 200 yenyewe, maana mahitaji ya mwaka hakuna anayeyajua kwa uhakika, na fomula inamsamehe.

Ukipata kipindi cha saa tatu mfululizo fanya ule mchezo wa bia uliotoka chuo cha MIT, Marekani, kwa Jay Forrester na wenzake miaka ya sitini. Mi nautumia kwa sukari, kila mtu yuko huru nayo. Duka la mtaani, duka la jumla, msambazaji, kiwanda, hawaruhusiwi kuongea, karatasi za oda tu, na mzigo unachelewa wiki mbili. Mteja ananunua mifuko 4 kwa wiki, kuanzia wiki ya tano ananunua 8, na hapo hapo anabaki mpaka mwisho. Badiliko ni moja tu, lakini utaona kiwanda kinapokea oda za 30, 40, halafu ghafla sifuri, na kelele zinaanza, msambazaji huyu hana akili. Usiwajibu. Toa zile karatasi za mteja uzipange mezani mbele yao. Halafu mkumbuke sukari ilivyoadimika mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilivuruga kweli uvunaji wa miwa, hilo halina ubishi, ila waulize nyumbani kwao siku zile walinunua kilo ngapi kwa mara moja, na duka la Mangi liliagiza mifuko mingapi.

Ziara za kiwandani sina hamu nazo sana. Basi linachelewa, mnavaa makoti meupe, ofisa anawatembeza haraka, mnapiga picha mnarudi. Kama chuo kimelipia nendeni, ila kila kundi lipewe sehemu moja ya kusimama dakika 20 na kuhesabu kinachopita, la sivyo ni pikiniki.

Na darasa likiwa la watu mia mbili usiogope haya mambo, gawanya makundi ya watano, wanaokusanya namba ni wao, wewe unasahihisha ukurasa mmoja kwa kundi. Ekseli inatosha, programu za bei mbaya za nini.

Kwenye mtihani fomula nawawekea karatasi ya mwisho, sioni faida ya kukariri. Ila kila swali la hesabu lina kipengele cha pili: mwandikie mwenye biashara sentensi tatu, abadilishe nini Jumatatu na itamgharimu nini. Namba sahihi bila hizo sentensi inapata nusu ya alama. Wanalalamika kila mwaka, wanakuja mpaka ofisini na skripti mkononi, madam mbona jibu langu liko sawa, namjibu liko sawa ndiyo, sasa nisomee hapa ulimwambia mwenye duka afanye nini.